Chujio la Kanista kwa Tangi Kubwa: Vidokezo 9 kwa Wafuga Samaki wa Pioneer, Eldoret

Tangi likishavuka lita 300, kale kachujio kanakobandikwa kwenye kioo huanza kuzidiwa. Hapo ndipo kanista inapohitajika: mkebe uliofungwa kabisa, unaokaa kabatini chini ya tangi, unaopokea maji kwa mpira mmoja, kuyapitisha kwenye trei za kuchujia na kuyarudisha kwa mpira wa pili. Kuna za bei ya simu na kuna za bei ya ng'ombe wa maziwa. Kabla hujalipa, pitia haya.

1. Pima tangi lako kwanza
Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 180 kwa 60 kwa 60 ni lita 648. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi inayoachwa juu, unabaki na 550 hivi. Nenda dukani na hesabu hiyo, kwa sababu ukisema "tangi kubwa" utauziwa chochote kilichopo.

2. Usinunue namba ya sandukuni
Namba kubwa huwa ni ya pampu tupu. Chukua Fluval FX6: pampu yake hutajwa kuwa ya lita 3,500 kwa saa, lakini kampuni yenyewe inaeleza kwamba maji yanayopita kwenye vichujio ni lita 2,130 hivi. Hapo sifongo bado ni mpya. Kanuni ya wafugaji wengi ni maji yote ya tangi yapite mara 4 hadi 6 kwa saa. Kwa lita zetu 550, hiyo ni lita 2,200 hadi 3,300 zinazopita kweli. Ukikuta namba moja tu kwenye sanduku, ondoa theluthi ndipo upige hesabu.

3. Hesabu kinyesi, si vichwa
Neoni 30 huchafua maji kidogo kuliko oska wawili. Mbuna wa Ziwa Malawi nao hufugwa wakiwa wamesongamana ili wasionee mmoja wao, kwa hivyo uchafu huwa mwingi. Uchafu huo hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huishi kwenye sifongo na vipete vya kauri. Muulize muuzaji mkebe unabeba lita ngapi za vichujio. Akikujibu kwa kasi ya pampu tu, uliza tena.

4. Kumbuka uko mlimani
Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, maji ya hapa hushika oksijeni pungufu ya yale ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 20. Kanista nayo imezibwa, haiingizi hewa. Chagua inayokuja na bomba la matundu la kurudishia maji, ulielekeze juu ili uso wa maji uwe unatikisika mchana na usiku. Tangi lililotulia kama kioo hupendeza pichani, ila samaki huishia kutweta juu juu.

5. Panga na stima, na kupotea kwake
Kanista ya wati 30 hula uniti 22 hivi za tokeni kwa mwezi. Hilo linabebeka. Tatizo ni stima ikipotea usiku kucha: bakteria waliofungiwa mkebeni humaliza oksijeni na kuanza kufa. Ikirudi, mkebe humwaga maji yenye sumu tangini. Kwa hivyo chomoa plagi, fungua, mwaga maji yanayonuka, suuza vichujio, ndipo uwashe. Tafuta yenye kitufe cha kuvutia maji ili usinyonye mpira kwa mdomo. Pampu ndogo ya hewa ya betri pia haikosi kazi.

6. Zawadi ya Marekani, soma lebo
Ndugu aliye ng'ambo akikuletea kanista, tazama kibandiko kabla ya kuichomeka. Ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti lakini si hezi, na pampu itazunguka polepole. Heri akuletee viatu vya kukimbilia.

7. Mbili za wastani zaweza kushinda moja kubwa
Moja ikiharibika, nyingine inashikilia tangi huku unasubiri spea. Pia unaziosha kwa zamu, wiki hii moja, baada ya wiki kadhaa nyingine, na bakteria hawamaliziki wote kwa pamoja. Suuza vichujio ndani ya karai lenye maji uliyoyatoa tangini. Maji ya mfereji yana klorini, nayo huua bakteria uliowalea kwa miezi.

8. Kagua lastiki, spea na beseni
Fungua kifuniko dukani utazame ile lastiki ya mviringo. Ndiyo inayozuia sebule yako kufurika. Uliza kama lastiki na lile pangaboi la pampu vinauzwa pekee; kama havipo, unanunua kitu cha kutupa. Lastiki hupakwa grisi ya silikoni, si Vaseline, maana mafuta ya petroli huivimbisha na kuiharibu. Nyumbani, weka mkebe ndani ya beseni ili uvujaji uonekane mapema, na uache waya ulegee chini ya soketi ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

9. Trei za ziada zina kazi, na haraka haina
Usiku wa Julai joto hapa hushuka hadi karibu nyuzi 10, na samaki wengi wa joto wanataka 24 hadi 27. Baadhi ya kanista zina hita ndani, jambo linalopunguza vitu tangini. Ukifuga mbuna, pima ugumu wa maji. Yakiwa laini, jaza trei moja changarawe za chokaa zilizooshwa. Kisha iwashe kanista wiki 4 hadi 6, ukiwalisha bakteria amonia kidogo na kupima maji, kabla ya kujaza samaki. Njia ya mkato ni moja tu: jirani mwenye tangi lenye afya akikupa sifongo yake chafu, pokea kwa mikono miwili, wala usiioshe.