VITA VYA MIAKA 30

1. Wakristo wanagawanyika

Zamani Wakristo wa Ulaya ya magharibi walikuwa Kanisa moja. Mwaka 1517 Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alianza kubishana na wakubwa wa Kanisa. Watu wengi walimfuata, wakaitwa Waprotestanti. Wengine walibaki Wakatoliki.

Ujerumani ilikuwa na watawala wengi, wakubwa na wadogo, na juu yao Kaisari. Mwaka 1555, katika mji wa Augsburg, walipatana hivi: dini ya mtawala ndiyo dini ya nchi yake. Raia asiyekubali aliweza kuuza mali yake na kuhama. Basi dini na utawala vilifungwa kamba moja.

2. Dirisha la Prague

Mwaka 1609 Waprotestanti wa Bohemia walipewa barua ya mfalme, yenye ruhusa ya kushika dini yao. Mwaka 1617 Ferdinand, Mkatoliki wa ukoo wa Habsburg, alikubaliwa kuwa mfalme wao. Lakini kanisa lao moja likafungwa, na jingine likabomolewa.

Tarehe 23 Mei 1618 wakubwa wa Waprotestanti waliingia kwa hasira katika ngome ya Prague. Waliwakamata maliwali wawili Wakatoliki pamoja na karani wao, wakawatupa nje kwa dirisha. Wote watatu walipona! Wakatoliki walisema: «Bikira Maria amewakinga.» Waprotestanti walisema: «Wameanguka juu ya jaa.» Hivyo vita vikaanza. Mwaka 1619 Ferdinand akawa Kaisari. Mwaka 1620 askari wake waliwashinda watu wa Bohemia karibu na Prague.

3. Dini au ukubwa?

Je, Wakatoliki wote walikuwa upande mmoja, na Waprotestanti wote upande wa pili? Sivyo. Mtawala wa Sachsen alikuwa Mprotestanti, lakini alimsaidia Kaisari, akapewa nchi kuwa malipo.

Ufaransa ilikuwa nchi ya Kikatoliki, na mkubwa wa serikali yake alikuwa Kardinali Richelieu. Lakini Richelieu aliogopa nguvu za ukoo wa Habsburg, uliotawala Hispania pia. Kwa hiyo, mwaka 1631 Ufaransa iliahidi kumpa fedha kila mwaka Gustav Adolf, mfalme Mprotestanti wa Uswidi, ili apigane na Kaisari. Gustav Adolf aliuawa vitani huko Lützen mwaka 1632. Mwaka 1635 Ufaransa yenyewe iliingia vitani, Wakatoliki wakapigana na Wakatoliki. Kinywani watawala walitaja dini. Moyoni walitaka nchi na ukubwa.

4. Walioumia

Askari wengi walipigana kwa ajili ya mshahara. Mshahara ulipochelewa, walijilipa wenyewe vijijini: walichukua ng'ombe, nafaka, hata mbegu. Mkulima hakupona kwa sababu alikuwa wa dini moja na askari. Mwaka 1631 jeshi la Kaisari liliteka Magdeburg, mji wa Waprotestanti. Mji uliungua, na watu karibu 20 000 walikufa. Mahali pengi njaa na tauni ziliua watu kuliko silaha. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

5. Amani

Wajumbe walikutana muda mrefu katika miji ya Münster na Osnabrück. Tarehe 24 Oktoba 1648 walitia sahihi mapatano ya amani. Ufaransa na Uswidi zilipata nchi. Katika sehemu nyingi za Ujerumani, mtawala akibadili dini, hakuruhusiwa tena kuwalazimisha raia wamfuate. Lakini ruhusa hiyo haikufika Bohemia, mahali vita vilipoanzia.

Dini yafundisha kumpenda jirani. Mkubwa akiwaita watu wapigane kwa ajili ya dini, mwenye akili huuliza kwanza: Ni nani atakayepata nchi, na ni nani atakayezikwa?

Maneno

Liwali: mtu anayetawala badala ya mfalme.
Jaa: mahali pa kutupia takataka.
Tauni: ugonjwa mkali wa kuambukiza.

Maulizo

1. Watawala walipatana nini huko Augsburg?
2. Kwa nini Waprotestanti wa Bohemia walikasirika?
3. Kwa nini Ufaransa ilimsaidia mfalme Mprotestanti?
4. Eleza maana ya methali iliyo katika somo hili.