Kukadiria Nafasi ya Mtahiniwa wa Tarbaj Kudahiliwa Chuo Kikuu: Uzito wa Alama za Kiswahili

Makala hii inanuia kuonyesha jinsi nafasi ya mtahiniwa wa Tarbaj, Kaunti ya Wajir, ya kudahiliwa chuo kikuu inavyoweza kukadiriwa kabla hajateua kozi. Aghalabu swali hili hujibiwa kwa gredi ya wastani pekee: amepata C+ katika KCSE, basi atasomea shahada. Jibu hilo ni pungufu. C+ humfikisha mlangoni tu. Katika kozi zenye ushindani, kinachoamua ni alama za kundi la masomo manne. Ndivyo ilivyokuwa enzi za JAB, na ndivyo ilivyo chini ya KUCCPS, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012.

Kanuni inayotumiwa shuleni kukadiria ni hii: jumla ya masomo manne hugawanywa kwa 48, na jumla ya masomo saba kwa 84, majibu hayo mawili huzidishwa, kipeuo cha pili hutafutwa, kisha huzidishwa kwa 48. Tuchukue mtahiniwa wa kubuni mwenye 28 katika manne na 49 katika saba. Atapata 28 kamili. Akipandisha Kiswahili kutoka B hadi A-, nacho kimo katika kundi, atafika 29.57. Alama mbili zizo hizo akizipata katika somo lililo nje ya kundi, atafika 28.57 tu. Tofauti hiyo yatosha kumpa au kumnyima kozi.

Alama za kufungia za mwaka uliotangulia nazo si ahadi. Ni alama za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi, na hubadilika kwa kadiri ya ushindani. Anayezizidi kwa nusu alama hafai kulala usingizi. Ateue na kozi nyingine.

Tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabu Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano bora. Yamkini wapo watakaodhani kwamba Kiswahili sasa chaweza kupuuzwa. Hesabu ya hapo juu yakanusha dhana hiyo.

Je, alama hizo mbili zitoke wapi? Kisomali hakina sauti /p/, /v/ wala /z/, na nomino zake hugawika kwa jinsia mbili, si kwa ngeli. Kwa hiyo mtahiniwa huteleza katika upatanisho wa kisarufi, na matumizi ya lugha pekee yana alama 40 kati ya 200 za somo zima. Isitoshe, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera; pengo hilo halizibwi kwa vitabu vya marudio. Lakini katika karatasi ya fasihi mwanafunzi huyu ana akiba ambayo walimu hawaitumii vya kutosha: amekulia penye gabay, utungo wa Kisomali unaofungamanishwa na takriri ya konsonanti moja toka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu aanzie hapo anapofundisha fasihi simulizi, ndipo aingie kwenye vina na mizani.