Mali, Madeni na Ndoa: Niliyojifunza Chunya

Nilikaa miaka mingi kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata yetu wilayani Chunya. Kwa kawaida, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wanandoa wapite barazani kabla ya kufungua shauri la talaka, kwa hiyo tulisikia yote: viwanja vya Makongolosi, makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu ya Matundasi, mashamba ya tumbaku. Nawaandikia ninyi mnaooana huku mna mipango mikubwa.

1. Ndoa haihamishi umiliki

Mama mmoja alikuwa na kiwanja alichokinunua kabla ya kuolewa, kwa faida ya mgahawa wake wa machimboni. Mumewe alipoambiwa si chake, alinyamaza muda mrefu. Hata mimi nilishangaa, maana nimekua nikisikia kwamba mke akiingia, na vyake vimeingia. Kumbe kila mmoja hubaki na chake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mali yenye jina la mmoja huhesabiwa kuwa yake mpaka ithibitike vinginevyo. Yenye majina ya wote wawili huhesabiwa ya nusu kwa nusu.

Lakini mume yule alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha juu ya kiwanja kile. Mali ya kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzako, au kwa nguvu zenu wote, mahakama inaweza kuiingiza kwenye mgawanyo. Kabla hujapandisha tofali kwenye ardhi ya mwenzako, andikianeni.

2. Nyumba ya familia haiwekwi rehani kimyakimya

Marehemu mume wangu alitaka mkopo wa kompresa ya duara, yaani shimo la machimbo, na dhamana ilikuwa nyumba tunayolala. Afisa mikopo alinisogezea kidau cha wino, akaonyesha mahali pa kuweka dole gumba. Nikamwambia najua kusoma na kuandika, aniachie fomu hadi kesho. Usiku ule tuliisoma wote wawili kwa sauti, na mume wangu ndiye aliyegundua kwamba tukishindwa kulipa, nyumba itauzwa. Tukakopa kiasi pungufu, kwa dhamana nyingine.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Ukiona dalili za nyumba kuuzwa kwa siri, wahi ofisi ya ardhi uweke zuio. Akishapatikana mnunuzi, kazi huwa ngumu.

3. Jasho la nyumbani lina fungu lake

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake wengi wa Chunya wanaijua habari hiyo. Wasichokijua ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa zimetumika vibaya. Kwa hiyo tunzeni risiti, hata ya bati moja. Barazani mtu mwenye daftari alisikilizwa tofauti na mwenye machozi, na niliona uchungu kila mara, maana mwenye machozi mara nyingi ndiye aliyefanya kazi zaidi.

4. Uliza deni ni la nani, na lilikula nini

Msimu wa malipo ya tumbaku ndio uliotuletea kesi nyingi. Mke amechuma, amefunga majani, amekesha akichochea moto wa bani la kukaushia, kisha mwanachama wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), ambaye ni mume, anarudi na pesa kidogo: pembejeo zimekatwa, na juu yake deni lingine ambalo mke halijui. La mbolea ni la shamba lao wote. Hilo la pili ndilo la kuulizia. Mahakama inapogawa mali hutazama madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili. La starehe ya mmoja halimo humo. Upande wa pili, mke akikopa unga au sare za watoto dukani, sheria humchukulia kuwa ametumwa na mumewe, na mwenye duka anaweza kumdai mume.

Mimi na marehemu tulikaa kila mwaka kabla pembejeo hazijagawiwa, tukaandika nani anadaiwa nini na kwa ajili gani, kila mmoja akaweka sahihi.