Vipande Vitatu vya Plastiki: Namna ya Kuonyesha Upimaji wa Kwanta Darasani

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waelewe upimaji katika mekanika ya kwanta amweke kando paka wa Schrödinger, yule wa jaribio la kufikirika, kwa wiki ya kwanza. Paka huyo huzaa ubishi zaidi kuliko uelewa. Atafute plastiki ya polaroidi na kompyuta yenye skrini ya LCD, afungue ukurasa mweupe, azime taa.

Plastiki hiyo imo kwenye miwani ya jua ya polaroidi, au kwenye kikokotoo kibovu: ule utando uliobandikwa juu ya kioo cha tarakimu. Ijaribu kwanza. Ishike mbele ya skrini, izungushe taratibu; kama ni yenyewe, itafika pembe ambapo skrini inakuwa nyeusi. (Miwani mingi ya barabarani inayouzwa kwa jina hilo hufeli hapa, ni plastiki ya rangi tu.)

Ukishapata giza, kibandike kipande hicho kisicheze. Mwanga wa skrini hutoka ukiwa umeshaelekea upande mmoja, na kipande chako kimekaa nyuzi 90 kutoka upande huo. Chukua kipande cha pili, kipitishe kati ya skrini na kile cha kwanza, kikiwa kimeinama nyuzi 45. Mwanga unarudi. Nyamaza kidogo, waache wabishane. Kisha kilete kipande hichohicho mbele, upande wa macho yao: giza tena.

Anayefikiri plastiki ni chekeche atakwama, maana ukiongeza chekeche la pili unga unaopita hauwezi kuzidi. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikifika kwenye kipande cha nyuzi 45 haipiti nusu. Inapita nzima au inamezwa, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Iliyopita haina tena mwelekeo iliotoka nao kwenye skrini. Sasa imeelekea nyuzi 45, kana kwamba ilizaliwa hivyo. Kwa hiyo kwenye kipande cha mwisho inapata tena nusu ya bahati, na nusu ya nusu ni robo. Kupima kumeipa fotoni hali mpya.

Lazima mmoja aulize kama jicho la mtu ndilo linalofanya haya. Tega simu irekodi video, mtoke nje wote. Mkirudi mtakuta mwanga uleule kwenye video, kwa sababu kinachopima ni plastiki.

Mwanafunzi mkali zaidi atasema wimbi la kawaida nalo hutoa robo. Ni kweli, mkubalie. Étienne-Louis Malus wa Ufaransa aliieleza kanuni ya mraba wa kosaini (sehemu ya mwanga inayopita ni mraba wa kosaini ya pembe kati ya mwelekeo wa mwanga na wa plastiki) mwaka 1809, karibu karne nzima kabla ya wazo la fotoni. Kwanta inaanza pale unapopunguza mwanga hadi fotoni mojamoja: wimbi laweza kufifia, fotoni haikatwi vipande. Hapo mraba wa kosaini unakuwa uwezekano wa fotoni moja kupita, na Paul Dirac aliutumia mfano huu huu katika kitabu chake cha mekanika ya kwanta.

Ukiwa na kipande cha tatu, weka viwili katikati, kimoja nyuzi 30 na kingine 60. Waandike utabiri wao kabla hujaonyesha. Wengi watasema giza litazidi. Kila hatua ya nyuzi 30 hupitisha robo tatu, na hatua ziko tatu: 27/64, yaani kama asilimia 42. Plastiki yenyewe hula kiasi, ila ikiwa safi mwanga utaushinda ule wa kipande kimoja cha katikati.