Mbio Pekee Hazitoshi: Masharti ya Taaluma kwa Wanamichezo wa Vyuo vya Marekani

Kila mashindano ya UMISSETA yanapokamilika, wazazi huuliza swali lile lile: je, kijana aliyefanya vizuri anaweza kupata ufadhili wa masomo nchini Marekani kupitia michezo? Jibu ni ndiyo, na njia hiyo si ngeni kwa Watanzania. Suleiman Nyambui, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliwahi kukimbia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Hata hivyo, wengi huchelewa kufahamu kwamba kasi humfanya kijana aonekane, bali masomo ndiyo humruhusu kushindana.

Msimamizi mkuu wa michezo ya vyuo nchini humo ni chama kijulikanacho kwa kifupi kama NCAA, chenye madaraja matatu. Daraja la Kwanza na la Pili hutoa ufadhili wa michezo; la Tatu halitoi.

Anayetaka kushindana katika Daraja la Kwanza hutakiwa awe amefaulu masomo ya msingi 16 ya sekondari, kila moja likihesabiwa kwa mwaka mmjoa wa kusoma. Kiingereza ni miaka minne, Hisabati mitatu na Sayansi miwili. Huongezwa mwaka mmoja wa somo lolote kati ya hayo matatu, miwili ya sayansi ya jamii, na minne ya masomo mengine yanayokubalika. Wastani wake usipungue 2.3 katika kipimo kinachoishia 4.0, kwa Daraja la Pili ni 2.2. Izingatiwe kuwa kipimo hicho ni kinyume cha pointi zetu za mtihani wa taifa, ambazo zikiwa chache ndipo matokeo huwa bora.

Zamani kulikuwa na kigezo kingine. Kuanzia mwaka 1986, mwanamichezo wa Daraja la Kwanza alitakiwa kupata angalau alama 700 kati ya 1,600 katika mtihani wa SAT, au alama 15 katika ACT. Baadaye ukaja utaratibu ambao wastani mkubwa wa darasani ulifidia alama ndogo za mtihani. Mwezi Januari 2023, NCAA iliondoa kabisa sharti la mitihani hiyo katika Daraja la Kwanza na la Pili.

Wapo watakaodhani kuwa mlango sasa umelegezwa. Sivyo. Mtihani ulipoondolewa, uzito wote ulihamia kwenye alama za shuleni. Aidha, chuo husika bado kinaweza kudai SAT au mtihani wa Kiingereza kwa ajili ya udahili, na ubalozi una masharti yake ya viza.

Rekodi zinazokaguliwa huanzia mwaka wa tisa wa shule. Kwa aliyesoma elimu ya msingi kwa miaka saba, mwaka huo ni Kidato cha Pili. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeitupa Hisabati akiwa Kidato cha Pili ili apate muda wa mazoezi anajifungia njia kabla kocha yeyote hajamwona, kwa kuwa somo aliloshindwa halihesabiwi.

Akishafika chuoni, masharti huendelea. Katika Daraja la Kwanza, lazima akamilishe krediti 24 kabla ya mwaka wa pili, na asilimia 40 ya shahada yake kabla ya mwaka wa tatu. Asipofikia hapo, hukaa pembeni wenzake wakishindana.

Wazazi na walezi wanashauriwa kutunza ripoti za kila muhula na vyeti halisi, na kutomkabidhi wakala nyaraka hizo wala fedha kabla ya kuthibitisha taarifa zake. Kwa ushauri, waanze kwa Mkuu wa Shule, kisha wamwone Afisa Elimu Sekondari au Afisa Utamaduni na Michezo. Wakati mwafaka wa kuuliza ni Kidato cha Pili, si baada ya matokeo ya Kidato cha Nne.