Huyu Siye Buibui wa Sumu

Tulipokuwa tukiinua magogo kando ya msitu kule Pwani, alitoka mdudu bapa mwenye miguu mirefu. "Buibui wa sumu! Leteni mafuta ya taa!" Tukaomba kwanza tumtazame.

Hesabuni miguu. Buibui hutembea kwa minane. Huyu hutembea kwa sita, upande upande kama kaa. Ile miwili ya mbele ni myembamba kama uzi, ya kupapasia njia gizani. Mdomoni ana mikono yenye miiba ya kukamatia mende. Ni jamaa ya buibui, lakini hafumi utando, wala hana sumu. Ukimshika ovyo miiba itakuchoma, basi. Wataalamu humwita Damon diadema. Jike hubeba watoto mgongoni (hapo kina mama wakamwonea huruma).

Mbona tunamtetea? Kwa sababu mtoto akiamka mguu umevimba, lawama humwangukia huyu aliye ukutani, mtoto apakwe dawa ya nyumbani, kumbe ameumwa na nyoka. Msikae kutafuta mdudu. Msifunge mguu kamba, msiuchanje. Mtoto atulie, abebwe hospitali usiku huo huo.