Dondoo muhimu: Kabla Nyiragongo haijaamka

Jioni ya Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo, karibu na mji wa Goma nchini Kongo, ililipuka. Siku 5 baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaambiwa ihame. Katika kukimbilia miji jirani ya Sake na Gisenyi (Rwanda), watoto kwa mamia walipotezana na wazazi. Basi anza na watoto: wafundishe majina yenu kamili, na namba ya simu ishone ndani ya nguo.

Kadi ya mpiga kura, vyeti na dawa vikae katika mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango. Godoro liache, hata kama ni jipya.

Majivu yakianguka, ondoa pipa la maji ya mvua chini ya mabati. Maji hayo hayanyweki. Watoto na mbuzi wasishuke mabondeni: hewa ya mazuku, yaani gesi ya volkano inayotuama mabondeni, ni nzito, haionekani, nayo huua.